Namna ya kutafuta PhD ya sayansi yenye ufadhili ukiwa Tanga

Jumamosi asubuhi huwa nakaa Maktaba ya Mkoa, hapa Tanga mjini, na vijana wanaotaka kusoma PhD. Wengi ni walimu wa sayansi na wasaidizi wa maabara. Wawili wanatoka Muheza, mmoja huja na baiskeli kutoka Pongwe. Swali la kwanza ni lile lile: "Dada, skolashipu gani ziko wazi sasa?" Nami kabla sijataja jina la mfadhili yeyote namuuliza: wewe unataka kujua kitu gani ambacho bado hakijapata jibu?

Silikwepi swali lao. Nilipoteza miaka miwili nikiwinda skolashipu kabla ya kuelewa kwamba fedha nyingi za PhD ya sayansi hazitangazwi kwa jina hilo. Profesa anaomba fedha za mradi, anapewa za miaka mitatu au minne, na ndani ya bajeti mna nafasi ya mwanafunzi mmoja au wawili wa uzamivu. Anachotafuta ni mtu wa kuifanya ile kazi. Ukimwandikia kwamba unahitaji ufadhili, umemtwisha mzigo. Ukimwandikia kwamba umekuwa ukihangaika na swali lile lile alilopewa fedha za kulijibu, atakusoma hadi mstari wa mwisho. Ndiyo maana naanza na swali, na fedha nazipeleka mbele huko.

Swali liwe dogo, na liwe na mahali

Nimezaliwa Makorora, lakini likizo nilikuwa napelekwa Moa, Mkinga, kwa mama mdogo aliyekuwa analima mwani. Kila bamvua maji yakikauka tulishuka na vigingi na kamba, tukafunga vipande vya mbegu, tukarudi juu kabla maji hayajajaa. Mwani aina ya kotonii ndio uliokuwa na bei, na ndio uliokuwa unakufa. Kaskazi ikishika, maji ya kina kifupi yanakuwa moto kama ya kuogea mtoto. Unainua kamba unakuta matawi yamepauka, meupe kama machicha ya nazi, na ukiyagusa yanakatika mkononi. Wataalamu wanauita ugonjwa huo ais-ais. Mama mdogo aliuita hasara. Spinosamu, aina nyingine ya mwani, ilistahimili, ila bei yake ilikuwa ndogo.

Sasa tazama nilivyofanya. Andiko langu la kwanza lilikuwa na kichwa kinachosema "Athari za mabadiliko ya tabianchi kwa viumbe wa baharini katika pwani ya Tanzania". Nililituma kwa watu kumi na wanne. Hakuna aliyejibu. Lile lilikuwa jina la wizara, halikuwa swali la utafiti. Andiko la pili liliuliza: kwa nini kotonii iliyofungwa kwenye vigingi maji mafupi inapauka miezi ya kaskazi, na iliyoning'inizwa kwenye maelea maji marefu, mita mia kadhaa kutoka pale, inapona? Nililituma kwa watu sita, wakajibu watatu.

Nawe fanya hivyo. Kama unafanya kazi na mbu Korogwe, usiandike "malaria Afrika". Andika ni mbu gani, anauma saa ngapi, na ni kitu gani katika mazoea yake kinachokataa kulingana na yale uliyosoma. Kama uko na wakulima wa mkonge au machungwa, ni udongo upi, ni mdudu yupi. Swali lenye mahali lina faida nyingine: profesa aliye mbali anajua kwamba wewe unaweza kufika pale, unazungumza na wenyewe, na sampuli zitapatikana.

Soma makala kuanzia mwisho

Hiki ndicho kipande ninachokipa muda mrefu kuliko vyote, kwa sababu ndicho kilichonifungulia mlango, na sikufundishwa na mtu.

Ingia Google Scholar, andika maneno matatu au manne ya swali lako kwa Kiingereza, kisha chagua makala za miaka mitatu ya karibuni tu. Ukifungua makala, ruka muhtasari, ruka majedwali, teremka hadi chini kabisa kabla ya orodha ya marejeo. Pale pana aya fupi ya shukrani na nyingine ya ufadhili. Wengi hawaisomi. Imeandikwa nani alitoa fedha, na mara nyingi namba ya mradi. Nakili jina la mfadhili, namba, na jina la mwandishi wa mwisho kwenye orodha ya waandishi, kwa sababu katika sayansi za maabara na za uwandani wa mwisho mara nyingi ndiye mwenye maabara.

Halafu nenda kwenye hifadhidata ya mfadhili mwenyewe. Ziko wazi na hazina malipo. Miradi ya Umoja wa Ulaya iko CORDIS. Ya mabaraza ya utafiti ya Uingereza iko Gateway to Research. Ya shirika la utafiti la Ujerumani, DFG, iko GEPRIS. Ya taasisi za afya za Marekani, NIH, iko RePORTER. Andika jina la profesa uone ana miradi gani, umeanza mwaka gani, unaisha mwaka gani. Mradi unaokwisha mwaka huu hauna nafasi tena, ila utakufundisha yule mtu anafikiri vipi. Mradi ulioidhinishwa juzi, au ulioanza miezi michache iliyopita, ndio wa kuandikia wiki hiyo hiyo, maana huenda bado wanaajiri.

Kwa upande wangu, shukrani za makala za mwani zilinipeleka kwenye programu iliyoitwa GlobalSeaweedSTAR, iliyolipiwa na fedha za utafiti za Uingereza na kuhusisha Malaysia, Ufilipino na Tanzania. Nilishtuka. Watu walikuwa wanalipwa kuuliza maswali ya mama mdogo, na kati ya waandishi kulikuwa na Watanzania. Hao Watanzania walio katikati ya orodha ndio wa kuanza nao. Unaweza kupanda basi ukamwona mtu Dar es Salaam, au ukavuka kwenda Zanzibar, ambako Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Sayansi za Bahari. Nilikwenda, nikakaa na mtafiti mmoja nusu saa, akanitajia majina matatu ya watu wa nje ambao yeye mwenyewe anafanya nao kazi. Barua yangu kwa mmoja wao ilianza na sentensi iliyomtaja yeye.

Makala ikiwa imefungwa, usikate tamaa na usilipe. Mwandikie mwandishi umwombe nakala, wengi hutuma siku hiyo hiyo, na hapo tayari mmeshajuana. Au uliza taasisi ya umma iliyo karibu nawe kama imejiunga na Research4Life, mpango unaowapa watafiti wa nchi kama yetu majarida bila malipo au kwa bei ndogo.

Barua ya kwanza

Iandike kwa Kiingereza, isizidi maneno mia mbili. Isianze na kusifu. Isitumwe kwa watu ishirini ikiwa na "Mheshimiwa Profesa" bila jina. Maana yake iwe hivi:

"Profesa fulani, nimesoma makala yenu ya mwaka jana kuhusu joto la maji na kupauka kwa kotonii. Mmeeleza kwamba bakteria huongezeka joto likipanda. Mashamba ya Moa, kaskazini mwa Tanga, ambako nimepima joto la maji kwa bamvua nane, yanaonyesha jambo ambalo sijaliona kwenye matokeo yenu: kamba za maji marefu zinapona hata siku ambazo joto la juu ni lile lile. Nina shahada ya umahiri ya baiolojia ya bahari na nimefanya kazi ya maabara miaka mitatu. Naona mradi wenu mpya umeanza mwezi wa tatu. Je, mna nafasi ya mwanafunzi wa PhD, au mngekubali kunisimamia nikiomba skolashipu ya Ujerumani, DAAD? Nimeambatanisha wasifu wa kurasa mbili na grafu moja ya vipimo vyangu."

Ile grafu moja ndiyo iliyofanya kazi. Nilipima kwa kipimajoto cha kawaida kilichofungwa kwenye mti, nikaandika kwenye daftari la mistari, nikaingiza kwenye Excel pale steshenari. Vilikuwa vipimo vyangu mwenyewe, hakuna mwingine aliyekuwa navyo.

Wasipojibu, ngoja wiki mbili, kumbusha mara moja kwa mistari miwili, kisha endelea na mwingine. Mwezi wa nane usitegemee majibu kutoka Ulaya, watu wako likizo.

Kuna nchi ambazo PhD ni ajira

Uholanzi, Sweden, Norway na Denmark mwanafunzi wa PhD kwa kawaida ni mfanyakazi mwenye mkataba na mshahara, na nafasi zinatangazwa kama kazi. Ukiandika "skolashipu Sweden" utakosa karibu zote. Ingia ukurasa wa kazi wa chuo chenyewe, au tovuti ya EURAXESS ya Umoja wa Ulaya, au AcademicTransfer kwa Uholanzi. FindAPhD nayo inasaidia, hasa kwa Uingereza, ila hapo soma kwa makini mstari unaosema fedha ni za raia gani. Nafasi zinazolipiwa na mabaraza ya utafiti ya Uingereza zimefunguliwa kwa wageni tangu 2021, lakini wageni hawazidi asilimia 30 ya wanaochukuliwa. Nafasi zipo, ushindani wake ni mkali.

Mitandao ya uzamivu ya Marie Skłodowska-Curie, ya Umoja wa Ulaya, ninaipenda kuliko yote, kwa sababu haiangalii uraia. Kanuni yake kubwa ni kwamba usiwe umeishi au kufanya shughuli yako kuu katika nchi ya chuo kinachokuajiri zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyopita. Kijana wa Tanga ambaye hajatoka nje kanuni hiyo inampendelea. Nafasi hizi hutangazwa EURAXESS, kila moja na swali lake la utafiti.

Marekani kuna utaratibu wao. Idara nyingi za sayansi huchukua mtu hata akiwa na shahada ya kwanza tu, zinamsamehe ada na kumlipa posho kwa kufundisha au kusaidia utafiti. Maombi hufungwa Desemba au mwanzoni mwa Januari. Vyuo vingi hutoza ada ya maombi, na vingi pia husamehe ukiomba kabla ya kutuma. Kwa hiyo andika barua ya kuomba usamehewe mwezi wa kumi au wa kumi na moja.

Milango yenye majina

Zile skolashipu zenyewe nazo zipo, na ukishakuwa na swali na msimamizi zinakuwa nyepesi zaidi. DAAD ya Ujerumani hutoa za kwenda kusoma huko, na pia za kusomea katika vyuo vya Afrika. Kwa kawaida inataka shahada yako ya mwisho isizidi miaka 6, basi usikae sana baada ya umahiri. Tume ya skolashipu za Jumuiya ya Madola, Uingereza, ina za PhD kwa nchi zilizo nyuma zaidi kimaendeleo, nasi tumo. Serikali ya Uswisi hutangaza zake kuanzia mwezi wa nane kupitia ubalozi, na bila barua ya profesa wa huko anayekubali kukusimamia maombi hayapiti. Japani ina skolashipu ya wizara yake ya elimu, MEXT, nayo ina njia ya kupitia ubalozi.

Kwa wanawake, someni masharti ya OWSD. Ni shirika la wanawake wanasayansi, makao yake Trieste, Italia, na PhD yake inasomewa katika chuo cha nchi nyingine inayoendelea. Ina mpango wa nusu kwa nusu: unaandikishwa chuo cha nyumbani, unakwenda kwa wenyeji kwa vipindi. Rafiki yangu mwenye watoto wawili wadogo aliufuata mpango huo, na hakulazimika kuwaacha miaka mitatu.

Wala usidharau jirani. Taasisi ya wadudu ya icipe, Nairobi, ina programu ya uzamivu iitwayo ARPPIS tangu 1983, na kutoka hapa unavuka Horohoro, unapita Mombasa, umefika. Icipe hiyo hiyo inaratibu mfuko wa RSIF wa serikali za Afrika, ambao umesomesha watu wa uzamivu Sokoine na Nelson Mandela, Arusha. Kama umeajiriwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Taasisi ya Afya Ifakara, ile yenye kituo Bagamoyo, uliza kuhusu CARTA, mpango wa uzamivu wa afya ya jamii, ambao ni wa wafanyakazi wa taasisi wanachama. Na watu wa bahari wawafahamu WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari wa Magharibi mwa Bahari ya Hindi, kilichoko Zanzibar. Mfuko wao wa MARG haulipi ada, ila hulipia kazi ya utafiti, na utafiti mdogo uliolipiwa na watu wanaojulikana unaupa wasifu wako uzito.

Makaratasi

GPA yako iandike kila mara pamoja na kiwango chake: "3.8 kati ya 5". Mmarekani anahesabu kwa 4, ukimwachia namba tupu atakuelewa vibaya. Wajerumani kwao 1 ndiyo bora na 4 ndiyo ya kuponea chupuchupu. Namna wanavyobadilisha: chukua 5, toa GPA yako, gawanya kwa 3 (yaani 5 ukitoa 2 ya kufaulu), zidisha kwa 3, ongeza 1. Kwa 3.8 unapata 2.2, ambayo kwao ni alama nzuri. Nimeona vijana wenye "apa sekondi" wakijikatia tamaa kabla hawajapiga hesabu hiyo.

Ombeni chuoni barua inayothibitisha kwamba mlisomeshwa kwa Kiingereza. Vyuo kadhaa vinaikubali badala ya mtihani wa IELTS, na mtihani ule ni ghali. Majina nayo: cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanaidi, cha kidato cha nne Mwanahidi, transkripti ina jina la babu ambalo pasipoti haina. Shughulikia hilo leo kwa wakili, usingoje wiki ya viza.

Wa kukuandikia barua za mapendekezo chagua wanaojua kazi yako, hata kama cheo chao ni kidogo. Mwone ana kwa ana, mpe ukurasa mmoja wenye swali lako, mambo mawili uliyowahi kufanya chini yake, na tarehe ya mwisho iliyo siku kumi kabla ya ile ya kweli. Mwalimu wangu mmoja ana wanafunzi mia mbili. Angekumbuka vipi kwamba mimi ndiye niliyerekebisha ile darubini?

Kuhusu saa, sikiliza. Mara ya kwanza nilipofika karibu, tangazo lilisema 15 Januari, 12:00, saa za Ulaya ya Kati. Nikasoma sita ya usiku. Umeme ulikatika Ngamiani asubuhi ile, nikaenda steshenari ya Barabara ya 8 iliyokuwa na jenereta, nikachapa, nikaskani, nikapanga kila kitu. Saa kumi na mbili jioni nafungua ukurasa, umefungwa. Ilikuwa sita ya mchana kwao, yaani saa nane mchana kwetu. Nililia palepale kwenye benchi, na mama mwenye steshenari akakataa kuchukua hela ya kuskani. Tangu hapo kila tarehe naiandika kwenye karatasi kwa saa za Kiswahili: Ulaya ya Kati iko nyuma yetu kwa saa mbili wakati wa baridi, saa moja wakati wa joto. Na natuma siku tatu kabla.

Anayekudai hela ya "kufanikisha" skolashipu ni tapeli, hata kama ana barua yenye nembo. Ada halali ya maombi inalipwa chuoni, kwenye tovuti ya chuo, basi.

Wakishakukubali

Usijibu ndiyo siku hiyo kwa furaha. Shukuru, kisha uliza kwa maandishi. Ada imelipwa yote? Posho ni kiasi gani kwa mwezi baada ya makato, na chumba cha mwanafunzi mji ule ni bei gani? Bima ya afya nani analipa, na ya mtoto? Nauli ya kuja kukusanya data nyumbani imo kwenye bajeti, na gharama za maabara? Kisha lile swali ambalo mimi sikuliuliza: fedha ni za miaka mitatu, na PhD za idara hii kwa kawaida zinachukua muda gani? Kwetu zilichukua minne. Mwaka wa nne nililipwa kwa mkataba mfupi wa kusaidia maabara, uliokuwa unafanywa upya kila baada ya miezi mitatu, na kila mara viza nayo ilibidi iombwe upya. Waulize mwaka wa nne unalipiwa na nini, na jibu walitoe kwenye barua pepe, lisiwe la simu.

Siku barua rasmi ikifika, hiyo hiyo weka miadi ya viza ubalozini. Foleni ya miadi inaweza kuwa ndefu kuliko muda uliobaki wa kuripoti.